Chifu Kahamia kwa Njahi

Jumapili, 5 Agosti 2018

Wamefika jioni, wameganda. Mume wangu Rwamba alimtoa mama yake kule Siakago asubuhi lakini pickup ikasumbua Embu. Na hapa Kiirua mwezi huu si mahali pa kumleta mtu wa joto la Mbeere – ukungu mpaka mchana, na upepo wa mlima hauna adabu. Nilikuwa nimejipanga. Chumba cha binti yetu Kiende kimefagiliwa, shuka mpya, blanketi mbili, maji ya moto kwenye thermos. Mama mkwe wangu hatasema nilimpokea ovyo.

Ameshuka na mfuko mmoja na gunia. Gunia linalia.

Ndani yake Chifu, paka wake. Dume kubwa la kijivu, sikio moja limechanika. Jina hilo alipewa na majirani kwa sababu kule kwao alizunguka kila boma akila, na hakuna aliyethubutu kumfukuza. Amesafiri ndani ya gunia la katani lililofungwa kwa kamba ili asione njia. Akiiona ataifuata kurudi, Mama anasema. Nikasema sawa, karibu ndani, chai iko tayari. Yeye akasimama palepale.

"Mama Kiende, mimi nimekuja juu ya vile Rwamba amenisumbua. Lakini huyu Chifu akikataa hapa, mimi pia narudi na yeye."

Rwamba akaniangalia, nami nikamwangalia. Mwezi wa tano Mama alianguka kando ya tangi la maji akalala hapo chini mpaka jirani alipopita. Hawezi kuishi peke yake tena, kila mtu anajua, hata yeye. Basi kazi ni moja: Chifu akae.

Sasa hapa kuna Njahi. Paka wangu mdogo, bado hajafika miezi minne, mweusi tii na mstari mweupe usoni kama punje ya njahi, yale maharagwe meusi. Nilimwokota mwenyewe kwenye mtaro, amelowa. Nitaandika kwa kuwa hakuna anayesoma – nampenda huyo mnyama kuliko inavyofaa mwanamke wa umri wangu. Tangu nistaafu, ndiye wa kwanza kunisalimia asubuhi. Rwamba huanza na redio.

Sina wasiwasi. Nimekuwa naibu mwalimu mkuu miaka mingi. Nimewahi kuwaweka walimu wasiosalimiana kwenye staffroom moja mpaka wakachanga sukari pamoja. Paka wawili watanishinda?


Jumatatu, 6 Agosti

Wamekutana kabla sijajiandaa. Mama alifungua mlango kwenda choo, Njahi akapenya mbio kuona mgeni ni nani. Nilisikia kishindo. Njahi amesimamisha mgongo na mkia, na bado hajafika ukubwa wa buti la Rwamba. Chifu hata hakuinuka. Alimpiga kofi moja tu. Njahi akapitia juu ya meza, akaangusha kikombe, akajificha nyuma ya mtungi wa gesi mpaka saa sita.

Mama akacheka. Akasema kwao paka hupigana siku moja na maneno yanaisha. Mimi sikucheka. Kwetu hapa mambo yana utaratibu.

Nikampigia Kiende kule chuoni Nchiru. Huyo mtoto anasomea biashara lakini kila kitu anakijua, simu haimtoki mkononi. "Mum, usiwaforce. Kila mtu na room yake kwanza. Wazoeane harufu. Unachukua kitambaa, unapangusa huyu, unampelekea yule. Na wakule wakisikizana kwa mlango."

Hilo ndilo naliita mpango.


Jumatano, 8 Agosti

Nimebandika ratiba kwenye friji. Asubuhi Chifu anatoka nje, Njahi ndani. Mchana wanabadilishana. Chakula wakati mmoja, huyu upande huu wa mlango, yule upande ule. Omena kidogo na maziwa. Vitambaa viwili, cha bluu na cha njano, na nimekataza mtu yeyote kupangusia meza.

Chifu analala kwenye gunia lake, chumbani kwa Mama, chini ya dirisha. Gunia lenyewe ni la ndengu, la miaka. Linanuka moshi, vumbi na yeye mwenyewe. Nimefumba macho kwa sasa.

Mama pia nimempangia. Chai kitandani, uji saa nne, jua likitoka nampeleka kiti nyuma ya nyumba mahali pasipo upepo. Jana alishika ufagio, nikauchukua taratibu. Leo nimemkuta amechuchumaa kwenye karai la vyombo. Nikamwambia Mama, umefanya kazi miaka yote hiyo, hapa ni kupumzika tu. Akafuta mikono, akaenda kuketi. Majirani waseme watakavyo kuhusu sisi wakwe wa Kimeru, hili hawatanilaumu.


Jumamosi, 11 Agosti

Leo wamekula! Mlango katikati, pua zao zimeachana kwa unene wa ubao. Chifu alinguruma kidogo, Njahi akaendelea kutafuna. Kitambaa cha bluu Njahi amekilalia kabisa.

Rwamba anasema nimeongea habari za paka kuliko nilivyowahi kuongea habari za mtihani wa darasa la nane. Namwambia mtihani ulikuwa rahisi.


Jumanne, 14 Agosti

Siku mbaya. Na nimeifanya mimi.

Jana niliosha gunia. Nilivumilia siku hizo zote nikashindwa – sabuni, maji ya moto, Jik. Nikalianika kwenye ua. Nilifikiri jioni litakuwa limekauka, nilirudishe likiwa safi, na mgeni atalala kama mgeni. Jioni lilikuwa bado na maji. Nikaliacha, usiku Chifu akalala kitandani kwa Mama.

Leo asubuhi Mithika, yule broka wa viazi, akaja na lori na vijana wake. Mimi nilikuwa mjini Meru kwa dawa ya presha ya Mama. Viazi vyetu vilikuwa vimechimbwa, vimerundikwa, wakaanza kupakia haraka mvua isiwakute. Magunia yakapungua. Na kwa nyumba ya mkulima, gunia safi kwenye ua ni la nani? Ni la viazi. Rwamba mwenyewe ndiye aliyelishika mdomo wakijaza. Nilipofika lori lilikuwa limeshapita Subuiga, njia ya Nairobi.

Chifu alirudi ndani saa tisa, akaenda moja kwa moja chini ya dirisha. Hakuna kitu. Akanusa sakafu, akazunguka chumba chote, akarudi palepale. Nikamtandikia blanketi la mtoto, jipya. Akapita juu yake akatoka. Kisha akaenda jikoni kwenye katoni ya Njahi, na huyo Njahi, mjinga wa watu, hakutoka. Walipigana mpaka nikamwaga maji. Njahi amekwaruzwa puani, damu kidogo. Chifu ameruka dirishani na hajarudi.

Mama alikuwa mlangoni. Aliona yote. Nilimweleza habari za gunia, kuanzia Jik mpaka lori, bila kuruka kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Ulikuwa unasafisha." Basi. Ningependa angenikemea.


Alhamisi, 16 Agosti

Chifu hayupo. Nimeuliza mpaka kwa Muthamia wa posho mill ya kusaga unga. Nimempigia Mithika – gunia limeshamwagwa Nairobi, na akaniuliza mwalimu, uko sawa? Nimemwambia niko sawa.

Mama amekunja nguo zake zote ndani ya mfuko. Mfuko uko juu ya kitanda, umefungwa.

Rwamba hali chakula vizuri. Jana alisema kwa sauti ya chini, Mama akianguka kule tena safari hii sitajisamehe. Nikamwambia hatarudi kule. Nilisema kwa nguvu, kwa sababu ndivyo ninavyosema kila kitu, lakini moyoni naogopa.


Ijumaa, 17 Agosti

Amepatikana. Boma la Marete, jirani wa juu, kwenye banda la majani ya ng'ombe. Marete alikuja asubuhi akasema kuna paka wa kijivu huko anamkoromea mbwa wake, na mbwa ndiye anakimbia. Nikajua ni mwenyewe.

Tulipanda polepole mimi na Mama, kituo kwa kituo, amenishika mkono. Nilikuwa nimebeba omena, kitambaa cha bluu, maziwa kwenye chupa. Nikaanza kuita. Chifu akapanda juu zaidi.

Mama akaniambia ninyamaze. Akatafuta gogo, akaketi akimpa paka mgongo. Akafungua leso yake ya mabegani akaiweka magotini, akaanza kumuuliza mke wa Marete habari za mahindi – yalipandwa lini, kama baridi imeyachoma, mbegu gani. Hata mara moja hakugeuka. Nilikuwa nakaribia kulia kwa kukosa kazi ya kufanya. Baada ya muda Chifu alishuka, akazunguka mbali, akaketi. Akasogea. Mwishowe akapanda magotini kama mtu anayepanda kitanda chake. Mama akaendelea na mahindi.

Nimerudi nyumbani nikatoa ratiba kwenye friji. Leso ya Mama iko chini ya dirisha sasa. Milango yote wazi. Sitashika kitu. Nitaketi juu ya mikono yangu.


Jumanne, 21 Agosti

Kutokufanya kitu ni kazi ngumu kuliko kufundisha hesabu.

Jumapili walikoromeana. Jana walipitana kwenye korido, kila mmoja akijifanya hamuoni mwenzake. Nimewaona walimu wakifanya vilevile. Leo Njahi alimfuata Chifu mpaka kwenye shamba la kabeji, kwa mbali, akiketi kila Chifu anapoketi.


Jumamosi, 25 Agosti

Sahani moja!

Naandika tena: sahani moja. Chifu alikula kwanza, kisha akainua kichwa akasogea kando, na Njahi akaingiza chake. Mchana nimewakuta kwenye leso wamelala wamebanana, na mguu wa Njahi uko usoni kwa Chifu. Nilisimama mlangoni na kikombe mpaka chai ikapoa. Nina furaha ya kitoto, sioni haya.

Nimemwambia Kiende, nimewaambia wenzangu wa kwaya, nimemwambia Marete. Rwamba nimemkumbatia jikoni akashangaa. Chifu amekaa. Kwa hiyo Mama amekaa. Wiki ijayo nitampakia rangi chumba chake, kijani laini, na nimtafutie koti zito.

Nilijua ningeweza.


Jumatatu, 27 Agosti

Asubuhi tukiwa kwenye chai Mama akamwambia Rwamba atoe gari.

Nilidhani anataka kwenda hospitali. Hapana. Nyumbani. Rwamba akamuuliza, na Chifu? Mama akanigeukia mimi, anatabasamu kweli kweli, ananishukuru.

"Chifu amekaa. Ndio nilikuwa nataka kuona. Nilipoanguka pale chini sikuwaza mifupa, niliwaza huyu atapewa chakula na nani. Sasa najua. Wewe unajua kuweka paka, Mama Kiende. Mimi naweza enda, roho imetulia."

Nikasema lakini ulisema akikaa nawe utakaa. Akasema hapana, alisema akikataa atarudi naye. Ni kweli. Hiyo nyingine niliisema mwenyewe, kichwani mwangu, na nikaiamini majuma yote haya.

Rwamba alibishana naye kidogo kisha akaacha, ndivyo alivyo. Amekwenda kuwasha gari kwa sababu mama yake amemwagiza. Mimi nikamfuata Mama kwenye kiti chake nyuma ya nyumba. Nilikuwa na hoja zangu zote zimepangwa: daktari, tangi, presha, majirani. Nilianza na daktari. Akanisikiliza kwa adabu, mfuko miguuni.

Halafu akasema pole pole kwamba hapa hana mahali. Si kitanda, kitanda ni kizuri. Asubuhi anaamka, anangoja chai. Baada ya chai anangoja uji. "Kule kwangu hata kuku zinaniuliza maneno. Hapa hakuna mtu ananiuliza kitu. Mnaniuliza tu kama nimesikia baridi."

Nikachuchumaa kando ya kiti chake.

Nikaweka hoja zote kando nikamwambia ukweli ambao sikuwahi kumwambia, miaka yote hii tangu niolewe. Kwamba mama yangu alifariki Kiende akiwa mgongoni, na sijaita mtu mama bila kulazimika mpaka alipokuja yeye. Kwamba siku ile kwa Marete, aliponinyamazisha, nilifurahi kunyamazishwa. Kwamba paka wake sikuwa namtaka hata kidogo, nilimtaka yeye.

Akageukia kabeji. Akasema, "Hiyo hukuniambia." Kisha akasema tena, kama anajiambia mwenyewe, "Hukuniambia."

Rwamba alipiga honi. Nimeingia ndani kwa sababu sikutaka anione nikilia, na nimekuja hapa kuandika kwa sababu mikono yangu haijui ifanye nini. Kutoka mezani namwona Mama kwa dirisha. Hajainuka. Rwamba amepiga honi mara ya pili. Sasa Rwamba amezunguka nyumba amesimama mbele yake na funguo mkononi, na Mama anamwambia kitu kwa Kimbeere, haraka, maneno mengi, siyashiki. Anaonyesha shamba. Anaonyesha jikoni. Rwamba ameangalia chini.

Rwamba amerudi kwenye gari peke yake. Injini bado inanguruma.

Imezimwa. Hajaingia mtu ndani ya nyumba bado.