Chumvi Tuliyoipeleka Malindi kwa Miguu

Malindi,
24 Aprili 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumai waraka huu utakukuta mzima huko Mariakani, na kwamba goti limekuruhusu kulala. Kioko msalimie, mwambie dada yake hajafa, amechubuka nyayo tu.

Hija tumeimaliza, Mama. Nadhiri yako haikukatika kwa sababu ya goti. Jumatatu alfajiri tulitoka Marereni, mimi na wajukuu wako Mwenda na Abigael, nimefunga kiunoni kifuko cha chumvi ya kubarikiwa kwa ajili ya wagonjwa, kama ulivyokuwa ukifunga wewe. Njia nzima nilikuona ukitangulia mbele ya akina mama, miguu mitupu, ukiimba Kikamba na kutukemea sisi wavivu wa nyuma. Nazitamani sana siku zile. Gongoni tulikolala, watu wa kanisa bado wanakuulizia, na chai yao bado ni maji ya moto yenye rangi.

Mwenda alilalamikia simu yake kuzima kuliko alivyolalamikia jua. Abigael alitokwa na malengelenge, na tulipopita Mambrui, lori la chumvi likasimama, dereva akamkaribisha. Mtoto akapanda. Nilimfokea mbele za watu. Nilimwambia kwamba mimi, nikiwa na miaka kumi na mitano kama yeye, nilitumwa na nyanya yake aliyekuwa akimuuguza babu, nikafika Malindi na chumvi ikabarikiwa. Akashuka akilia, akachechemea mpaka kanisani. Padri alipokwisha kuibariki chumvi, Abigael aliniomba radhi kwamba hana moyo kama wangu.

Mama, mwaka ule sikufika. Niliishia Mambrui. Nilichoka, mvua ikanitisha, nikakaa siku mbili kwao rafiki yangu Charity tukisukana nywele, kisha nikakurudishia chumvi ileile uliyonipa. Uliyomlambisha Baba, akatabasamu, akakata roho, ilikuwa chumvi ya mboga tu. Niliogopa kusema kabla hajazikwa, na baada ya mazishi nikaogopa zaidi, kwa kuwa ulianza kuwasimulia watu kanisani kwamba mume wako aliondoka kwa amani kwa miguu ya binti yake. Nilikuona ukifarijika. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ya miaka ishirini na sita. Ninajuta, Mama, na ninaona haya.

Jana nilimweleza Abigael. Hakunicheka wala hakukasirika. Aliuliza tu kama nyanya anajua. Ndipo nikatafuta kalamu.

Wajukuu wanakusalimu sana, na Mwenda anaomba umwekee sahani ya muthokoi. Jumamosi tutakuwa hapo. Ukiona huwezi kunitazama usoni, wakaribishe watoto ndani wapate kula. Mimi nitaketi nje kibarazani, Mama, hata kutwa, mpaka uniite.

Ni mimi bintiyo,
Jedida