Nyongeza ya Vidonge

Wanangu Tulia na Anyitike,

Nampeleka baba yenu hospitali. Ng'ombe amekwisha kukamuliwa. Maziwa yachemsheni kabla ya kunywa. Ndizi za kupika zimo ndani ya beseni.

Asubuhi hii baba yenu alijikata kidogo alipokuwa akinyoa ndevu, na hadi sasa damu haikatiki. Nilipomhoji, alikiri kwamba alipokwenda kununua ile dawa yake ya moyo, inayofanya damu iwe nyepesi, aliomba nyongeza, kama anavyowaomba wauza maparachichi. Mwenye duka, kwa kuwa siku hizi biashara ni huria, akamwongezea vidonge vya kiungulia. Baba yenu amevimeza wiki nzima ili visiharibike.

Nilimkumbusha kwamba daktari alitukataza kuchanganya dawa bila kumwuliza, kwa sababu baadhi ya vidonge vya kupunguza asidi tumboni huizidishia nguvu dawa ya damu. Akajibu, "Mama Tulia, zote zinaingia tumbo moja, zitaelewana humo humo."

Nikamwambia, "Hata wake wenza huingia nyumba moja."

Bibi yenu asiambiwe. (Mstari huu nimeukata. Mwambieni, ila asitume mizizi ya kuchemsha.) Majirani wakileta vidonge vyao, vipokeeni kwa adabu, kisha mvifiche.

Tuombeeni. Nimemwamuru baba yenu avae viatu twende, naye amevaa bila kubisha. Hilo ndilo linalonitisha.

Mama yenu