Nyuma ya Ubao wa Gari la Babu

Majengo, Sumbawanga
Jumapili, baada ya misa

Kwako Kaka Felisian,

Shikamoo Kaka. Kabla sijakuuliza hali, acha nitoe kwanza jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, si Mama, si padri. Kwa siku kadhaa niliamini kwamba Bibi yetu ni mchawi. Nisipolianza hilo hapa juu, najijua, nitaishia kukuandikia habari za baridi na mitihani mpaka karatasi iishe.

Sasa nikusalimu vizuri. U hali gani huko kambini? Tumesikia JKT wamewachukulia simu, ndiyo maana nimerudi kwenye kalamu. Unakula ukashiba? Miguu imeyazoea mabuti? Sisi tu wazima. Upepo wa asubuhi unakata masikio na maji ya bombani hayashikiki. Baba bado yuko Kasanga na biashara yake ya samaki, migebuka. Mama anakusalimu sana, anasema usijifanye shujaa, ukiumwa sema.

Habari yenyewe ni ya lile gari la Babu Maximilian, la kijani, la watu wawili, paa la turubai, alilokuja nalo kutoka Zambia alipoacha kazi ya mgodi kule Luanshya. Unajua watoto wa mtaa wanavyoliita kiatu. Tangu Babu afariki, Baba mdogo Leonsi amekuwa akilitafutia mteja, na mwezi uliopita akampata bwana mmoja wa Mbeya anayekusanya magari ya zamani ya mbio. Huyo bwana alilipenda, ila akataka ule ubao wa dashibodi ung'olewe, upigwe msasa na vanishi, kwa sababu ngozi yake ya juu ilikuwa imebanduka kama gome. Baba mdogo akamwita Shija.

Shija humjui. Ni Msukuma, ndugu zake wanachunga ng'ombe bondeni huko Rukwa, na yeye alifungua karakana ya useremala nyuma ya duka la Mama baada ya wewe kuondoka. Baba mdogo aliniagiza nikitoka shule nikae pale nimwangalie, maana, alisema, fundi mgeni akiona mbao nzuri hukumbuka kwamba kwake hana kabati. Basi nikakaa kwenye ndoo na kitabu changu cha Fizikia, nikijifanya nasoma.

Nilimshuku kwa kila kitu. Alipotoa usukani na kuuweka juu ya kanga safi, nilijiuliza kwa nini anaupenda hivyo. Alipozitenga skrubu, kila moja kwenye kizibo chake cha soda, nilidhani anapima zipi hazitakumbukwa. Zile saa za mwendo na mafuta zilishikwa na nati kwa nyuma, na waya zilikuwa nyingi, kwa hiyo akaniomba nibandike vipande vya karatasi vyenye namba kwenye kila waya, kwa kuwa mwandiko wake, alisema, unafanana na nyayo za kuku. Nikaandika, huku nikifikiri kwamba anautaka mwandiko wangu ili lawama zikija zinikute mimi. Yeye aliniita mwalimu. Skrubu moja chini ya ubao, upande wa abiria, ilikuwa imeliwa na kutu hata haionekani mfereji wake. Akaniuliza, “Mwalimu, hicho kitabu kinasemaje kuhusu huyu mkaidi?” Nikamjibu bila kuinua macho kwamba chuma kikipata moto hutanuka. Akaipasha bisibisi kwenye jiko la mkaa, akaiegemeza pale, akangoja ipoe, akarudia tena na tena, na mwishowe ile skrubu ikalia na kuzunguka. Alicheka kwa sauti, akasema kumbe ada yangu haiendi bure. Nilifurahi, Kaka, lakini sikutaka aone.

Ubao ulipoachia, kitu kikadondoka miguuni pake. Kilikuwa kifurushi cha ukubwa wa ngumi, kitambaa laini cha manjano kilichoshonwa pande zote kwa uzi mweusi. Shija aliruka nje akajigonga kichwa. Baba mdogo akaja mbio, akakataza kisiguswe, akakisukuma kwa fagio mpaka kwenye ndoo iliyopasuka. Kona moja ikachanika na udongo ukamwagika. Mama Scola wa jirani, aliyekuja kuomba chumvi, akasema neno moja tu, kaburi, na chumvi akaisahau.

Wewe unajua tunavyotaniwa. Tukisafiri, mtu akisikia tumetoka Sumbawanga anatuuliza kama tumekuja kwa basi au kwa ungo, na tunacheka naye. Siku ile uani hakucheka mtu. Baba mdogo alianza kuunganisha mambo yake: pikipiki iliyomwangusha, mahindi yaliyoliwa na viwavi, mke wake kulazwa. Akasema mwenye kukaa peke yake na gari asubuhi nzima ni nani kama si Shija? Akalichukua sanduku la vifaa vyake akalifungia stoo, akamwambia atafute pa kuhamia. Tena akasema ameshawapigia simu lambalamba, wale waganga wa kufichua wachawi, na Alhamisi watakuja wamtaje mhusika mbele ya mtaa mzima. Shija alisema taratibu kwamba mtu hawezi kuficha kitu jana nyuma ya skrubu yenye kutu ya miaka. Alijibiwa kwamba uchawi hauhitaji bisibisi.

Lakini mimi niliisikia ile skrubu ikilia. Nilijua kifurushi ni cha zamani na Shija hana hatia, na badala ya kusema nikaanza kumtafuta mwingine wa kumshuku. Watu walipotawanyika nikainama kwenye ndoo. Ule mshono ulikwenda mbele mara mbili na kurudi nyuma mara moja. Nikautazama mkono wa sweta langu la shule, pale kwenye kiwiko. Mshono ulikuwa uleule. Sweta langu hushonwa na Bibi.

Tangu hapo kila alichofanya Bibi kilinitisha. Alikuwa haendi kulala bila kuuliza kama ile ndoo imechomwa. Alikuwa akisimama mlangoni mwa jiko akiiangalia, midomo inacheza. Ugali wake nikaukataa nikisingizia tumbo. Kitandani niligeukia ukutani, na wewe unajua tunalala chumba kimoja. Nilikumbuka hata malaria niliyougua kabla ya mtihani, nikajiuliza. Na bado niliogopa kusema, maana lambalamba wakifika tunajua kinachofuata: watu hunyolewa na kuchanjwa hadharani, na anayeonyeshwa mara nyingi ni bibi kizee, na akishaonyeshwa hana tena pa kukaa. Nikinyamaza, Shija anafukuzwa. Nikisema, ni Bibi.

Jumatano nilikuwa nachambua maharage, Bibi akaja kuketi karibu nami. Aliniambia aliniona nikilitazama sweta, kwa hiyo nisiendelee kukaa na njaa kwa ajili yake. Kisha akaniambia, kwa Kifipa, polepole.

Kaka, Baba si kifungua mimba. Kabla yake Bibi na Babu walizaa mtoto kule Luanshya, jina lake Christopha. Surua ilimchukua akiwa ameanza kutembea, wakamzika huko. Walipokuwa wanarudi nyumbani, Bibi alikataa kupanda gari na kumwacha peke yake nchi ya watu, basi akachota udongo wa kaburi lake akaushona ndani ya kitambaa alichokuwa akimbebea, wauzike kijijini kwetu Msanzi kati ya ndugu zake. Babu aliogopa utaonekana mpakani na watu watasema wanachosema. Akaufungua ubao kwa mkono wake, akauficha mbele ya kiti cha Bibi. Walipofika Msanzi, siku hizohizo kijijini palikuwa na mama aliyefukuzwa kwa uchawi na nyumba yake kuchomwa. Babu akasema wangoje kidogo. Wakangoja mpaka wakazeeka. Bibi alisema kila alipopanda lile gari alijua miguu ya mwanawe iko magotini pake. Sikuweza kumwangalia. Nilipiga magoti, nikampigia makofi ya heshima kama tulivyofundishwa.

Alisema atasimama mwenyewe kwenye kikao. Alhamisi jioni uani kulijaa. Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Eustace, alikuwa kwenye kiti, Shija kwenye jiwe peke yake, na lambalamba walikuwa bado njiani. Bibi aliponyanyuka, kijana mmoja akasema, “Na huyu bibi naye ameota nini?” Watu wakacheka, Bibi akakaa.

Hapo nikasimama mimi, ambaye darasani nikiambiwa nisome aya sauti hunikimbia. Ilinikimbia hapo pia. Basi nikaenda kwenye ndoo nikakitoa kifurushi kwa mikono mitupu. Wanawake walipiga yowe, Mama akaniita jina. Nikakiweka mapajani mwa Bibi, ndipo nikaweza kusema: huyu ni baba mkubwa Christopha, amefia Zambia, mama yake ndiye aliyemshona, na Shija amemfungulia mlango tu.

Baba mdogo alisogea mpaka kwenye kile kifurushi. Kisha akamuuliza Bibi, “Mama, alikuwa anafanana na nani?” Bibi akamjibu, “Na wewe.” Baba mdogo akakaa chini mavumbini. Alipoinuka alikwenda stoo akalitoa sanduku la Shija akampelekea mwenyewe. Mzee Eustace akawapigia lambalamba warudi walikotoka. Si wote walioridhika. Mama Scola sasa anapitia njia nyingine. Shija alilipokea sanduku akaondoka nalo na hajarudi kazini, na ubao bado umelala mezani bila vanishi. Nilikwenda kwake Ijumaa kumwomba radhi kwa macho niliyomtazamia. Alisema aliyajua tangu siku ya kwanza.

Jana tulikwenda Msanzi, Bibi, Baba mdogo na mimi. Nilichimba kwa jembe pembeni mwa kaburi la Babu, Bibi akamweka, nikafukia.

Baba hajaambiwa. Bibi anataka amwambie mwenyewe, ana kwa ana, atakapopanda kutoka Kasanga, kwa hiyo ukipata simu usimtangulie. Wasalimie wenzako wa kombania, na ujifunike vizuri usiku.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Adela