Gari Litakalokupitia Kibiti

Morogoro, Jumapili

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini maneno haya yatakukuta umeketi barazani kwa dada Zuhura, umeshiba, na kile kikohozi cha masika kimekuacha. Najua anayekusomea ni shemeji Athumani, aliyeipokea barua dukani kwake Kibiti. Shemeji, habari za huko kijijini Ruaruke? Soma polepole, tafadhali, wala usiruke mahali, hata pale ninapojiaibisha mwenyewe. Sisi huku hatujambo. Mkweo Halima anakuamkia, na mjukuu wako Mwanaidi sasa anakimbia hata kumkamata ni kazi.

Baba, barua yako ya mwisho niliisoma mara nyingi. Ulisema jicho la kulia limekwisha kufunga, na la kushoto linaona watu kama kivuli nyuma ya pazia. Ukasema hutaki kitu kingine, ila utuone mimi na mtoto kabla halijafunga nalo. Nililia, nakwambia kweli. Miaka minne sijakanyaga kwetu, na kila nikiomba ruhusa naambiwa kazi nyingi.

Basi mwezi uliopita mlango ukafunguka. Iliamriwa kwamba boti moja ya injini, iliyokuwa ikifanya kazi mto Kilombero, ipelekwe hospitali ya Utete ili iwachukue wagonjwa wa visiwani. Itavutwa juu ya tela na Landrova ya hapa gereji, kupitia Dar es Salaam na Kibiti. Dereva ni Petro, mtani wangu wa Kiluguru. Bwana Injinia, yule Mzungu mkubwa wetu, akauliza nani anaijua njia ya Rufiji. Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza kusema. Akaandika jina langu. Siku ile nilikula wali wa watu wawili.

Nikapewa kazi ya kuliandaa gari. Fundi wetu mkuu, Singasinga mmoja mwenye ndevu nyeupe, akaniambia nitazame springi za nyuma, kwa kuwa tela zito hulikalia gari matakoni. Springi za Landrova, baba, ni vyuma bapa vilivyopindwa kidogo kama upinde, vimepangwa kimoja juu ya kingine na kufungwa pamoja. Hivyo ndivyo vinavyobeba mzigo.

Lakini mimi si mtoto wa fundi mashua? Nikajiona najua zaidi yao wote. Nikaipakia ile boti kama ulivyonifundisha kupakia boriti za mikoko: mzigo mzito wote nyuma kwenye tezi, omo huko mbele ibaki nyepesi ipate kupanda tope. Injini ilikuwa tayari nyuma. Nikaongeza nanga, minyororo na pipa la mafuta, vyote huko huko. Tulipoifunga kwenye gari, gari halikushuka hata kidogo. Nikamwita Singasinga aje aone.

"Springi hazina kazi hapa, fundi," nikamwambia. "Mzigo ukipangwa vizuri, gari halisikii kitu."

Akashika ndevu, akatazama, akasema, "Mimi napenda kuona barabarani kwanza."

Asubuhi ya pili Petro akaitoa kuijaribu, nami nimekaa pembeni yake najisifu. Penye tambarare ilikwenda vizuri. Tulipoanza kuteremka, tela likaanza kutikisika, kulia, kushoto, kila mara zaidi ya mara ya kwanza, likawa linaukamata mkia wa gari na kuurusha. Petro alipigana na usukani huku akimwita Bikira Maria, mimi namwita Mtume, na hatukufika mbali. Tuliingia mtaroni. Alhamdulillahi hatukuumia, ila Petro alivimba paji la uso, na boti ilipasuka ubao mmoja ubavuni.

Singasinga alipofika hakunitukana. Aliinua shingo ya tela, pale linapofungwa kwenye gari, kwa mkono mmoja, ikapanda kama kifuniko cha sufuria. Akasema, "Saidi, gari siyo mashua. Mashua nataka kichwa juu. Tela nataka kichwa chini, kikalie gari, ndiyo itafuata. Wewe umeninginiza mzigo nyuma, ndiyo maana gari halikusikia kitu." Nilitamani ardhi inimeze. Somo lako lilikuwa sahihi, baba. Mwanafunzi wako ndiye aliyelipeleka nchi kavu.

Mchana Bwana Injinia akatuita. Alikuwa amekwisha kuamua kwamba Petro alikwenda mbio. Akasema leseni yake itachukuliwa na kazi hana. Petro ana watoto watano. Hajui mambo ya kupakia, alisimama tu na uvimbe wake. Mimi nilikuwa nyuma yake, na nilijua kabisa nikifungua mdomo nitapoteza nini. Nakuungamia, baba, nilisita kidogo. Nilikuwa nakuona wewe mlangoni kwa Zuhura. Kisha nikasema, "Bwana, Petro hana kosa. Aliyepakia ni mimi."

Akachukua kalamu akalifuta jina langu. "Petro nakwenda," akasema. "Wewe hapana kwenda Utete."

Tulipotoka nje Petro alinishika mkono asiuachie, na hakunitania hata neno moja. Hapo ndipo nilipojua mambo ni mazito.

Juma zima lililofuata nililala chini ya gari lile. Mzigo tuliusogeza mbele, na kweli shingo ya tela ikalikalia gari hata matako yakashuka na taa zikatazama juu ya miti. Sasa springi zikawa na kazi. Nikazifungua zote. Nikatoa vyuma vizima katika gari bovu, viwili vya kuongeza kila upande, mhunzi akavipasha moto na kuvirudishia upinde wake, nikapaka grisi katikati, nikafunga na nati mpya. Ubao uliopasuka niliubadilisha mwenyewe na kutia kalafati maji yasipenye, na hapo, baba, Singasinga ndiye aliyekuwa mwanafunzi. Alichuchumaa akauliza mkono huu nimeutoa wapi. Nikamtajia jina lako.

Tulipoijaribu tena ilishuka ule mteremko imetulia. Bwana Injinia aliitikia kwa kichwa, lakini jina langu hakulirudisha. Ndipo nikavua kofia nikamwomba neno moja. Nahodha wa boti, aliyepewa nafasi yangu, atabaki Utete, kwa hiyo kiti cha mbele kitarudi kitupu. Nikamweleza habari za macho yako. Akaichukua tena ile kalamu. Kisha akaandika karatasi ya ruhusa ukikalie wewe, na Petro anayo mfukoni.

Sasa nisikilize vizuri. Petro atakapopita akienda ataiacha barua hii kwa shemeji. Atavuka kwa pantoni Ndundu, atakabidhi boti, na Ijumaa baada ya sala atakuwa Kibiti anakungoja mbele ya duka. Uje. Mganga wa macho atakuwa hospitali ya hapa mwezi ujao, nami nimekwisha kuuliza. Wanasema huo ni ugonjwa wa mtoto wa jicho, na huwa wanautoa. Najua utasema umri umekwenda, na gari hulipendi. Lakini mimi nimeshindwa kuja, baba, kwa kosa langu mwenyewe, na sina njia nyingine ila hii.

Gari lililoandaliwa kwa mzigo mzito likirudi tupu huruka ruka kama punda mkorofi, na mgongo wako naujua. Kwa hiyo nimemwonyesha Petro namna ya kufungua vile vyuma nilivyoongeza. Atavitoa huko Utete na kuviweka nyuma, ili springi zilainike. Nimemwapisha kwa Bikira Maria wake.

Nisalimie dada Zuhura, mwambie asikufungie chakula cha safari ya kwenda Maka. Msalimie shangazi wa Mohoro ambaye bado ana hasira kwamba sikuoa kwao. Shemeji, nakushukuru kwa kusoma, nawe ndiye utakayemfikisha mzee Kibiti. Nakutegemea.

Baba, siku utakayofika nitasimama mbele ya gereji na Mwanaidi begani. Ana uso wa marehemu mama, kila anayemjua mama angesema hivyo. Gari likisimama usishuke. Nitakuja mwenyewe hadi mlangoni, nimlete mtoto karibu kabisa na jicho lako la kushoto.

Mimi mwanao,
Saidi