Diski Iliyomwita Baba Mwizi

3 Machi

Mwanangu,

Hujambo huko? Sisi wazima. Kidonda cha upasuaji wa koo kimefunga, ila sauti ndiyo basi tena. Daktari kasema nisiisubiri. Ndiyo maana nakuandikia, simu na mimi tumeachana.

Ile diski ya kwaya yetu ambayo kampuni yenu imeitoa upya, baba yako kaikuta dukani. Alivyofurahi! Akawaita wenzangu wote niliokuwa nikiimba nao, akapanga viti, akaitia kwenye kompyuta. Badala ya nyimbo, yakatokea maandishi mekundu: “Diski hii imefungwa. Anayenakili muziki ni mwizi.” Akaitoa, akaifuta kwa shati, akairudisha. Yaleyale. Mwenzangu wa sauti ya pili akayasoma kwa nguvu, wote wakaangalia sakafu. Wakaaga chai ikiwa bado ya moto, na mimi hata kuwaomba radhi siwezi.

Nilitaka kujisikia mara moja tu. Tufanyeje?

Mama yako


16 Machi

Mama, shikamoo,

Pole na koo. Mimi mzima, ila kazi zimenibana kweli. Diski si mbovu. Siku hizi tunaziwekea kinga zisinakiliwe, na kompyuta nyingine zinagoma kuzipiga. Baba airudishe dukani, watambadilishia. Msalimie.

Binti yako


5 Aprili

Mwanangu,

Natumai u mzima. Mimi naendelea vizuri, baba yako ndiye simwelewi.

Alikwenda dukani. Muuzaji hata hakuitazama diski. “Mzee, wote mnakuja na hadithi hiyohiyo. Mkishanakili, mnarudisha.”

Baba yako akamwambia, “Anayeimba humo ni mke wangu.”

Foleni nzima ikacheka. Wamcheke yeye, aliyekabidhiwa funguo za stoo ya shule mpaka anastaafu, na haikupotea hata chaki! Alirudi akakaa kitandani na viatu vyake, nikamvua mimi. Sasa akienda sokoni anazunguka mtaa wa nyuma ili asipite pale.

Hivi aliyeandika yale maneno mekundu unamfahamu? Muulize alikuwa anamfikiria nani.

Mama yako


20 Mei

Mwanangu,

Mbona kimya? Unaumwa? Baba anauliza kama umeandika, huku akijifanya anatafuta miwani.

Mama yako


2 Juni

Mama, shikamoo,

Siumwi. Nilikuwa naanza barua naichana.

Niliyaandika mimi. Mkuu wangu alitaka maneno makali, nikampelekea hayo, wakanipigia makofi kikaoni. Uliniuliza nilimfikiria nani. Sikumfikiria mtu yeyote, mama.

Nilimpelekea mkuu barua yako. Akasema kinga haiwezi kuchagua watu. Basi nikaingia stoo ya kampuni, nikatoa ule mkanda wenu wa kwanza, nikaunakili kwenye diski hii tupu ninayokutumia. Hii haina kufuli. Kisha nikaenda mwenyewe kumwambia mkuu kabla hajasikia kwa mwingine. Nimeambiwa nikae nyumbani mpaka waamue.

Baba mwambie wewe. Mimi sina uso wa kumwandikia.

Binti yako


24 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Sisi tupo.

Diski imepiga. Safari hii hatukumwita mtu, tulikaa wawili tu. Ubeti wa pili nikajisikia nawahi kuingia, kosa lile alilonigombezea kiongozi wa kwaya kila mazoezi. Nikacheka hivi ninavyocheka siku hizi, mabega tu. Baba yako alikuwa akitazama mabega yangu, akatoka nje.

Aliporudi nikampa barua yako. Alisoma amesimama. Sitakudanganya, ilimuuma. Siku mbili hakuigusa kompyuta. Jana akatoa magunia yote chumbani kwako, akafagia, akatandika kitanda. Nikamtazama. Akasema, “Si ameambiwa akae nyumbani? Basi nyumbani ni hapa.”

Njoo. Ukifika, usipige hodi ukasimama kungoja niitikie. Sukuma mlango.

Mama yako