Sweta ya Timboroa

Mjukuu wangu Nekesa,

Hapa Makongeni, Nairobi, sote tu wazima, ila simu ya kibandani imeharibika tena. Umeuliza ubebe nini ukitoka joto la Mombasa kwa treni hadi Bungoma, na ufanyeje ukikosa wa kuongea naye.

Nilipokuwa wa rika lako nilisafiri peke yangu kwa treni hiyo kutoka Nairobi, nikakataa sweta ya mama. "Itanizeesha!" Alfajiri, treni ilipofika Timboroa, kule juu kwenye baridi kali, meno yaligongana. Kwa haya zangu, sikuthubutu kuomba chochote. Mama mmoja nisiyemjua akafungua blanketi lake. "Wewe msichana wa Nairobi, ingia kabla hujawa barafu!" Tulipiga soga mpaka Eldoret.

Kwa hiyo beba sweta, mama. Chagua pana, imtoshe na wa kando yako.

Kukhu, nyanya yako anayekungoja upitie hapa Nairobi