Anayesubiriwa Kutoka Ruangwa

Nachingwea,
Jumatano, mwanzoni mwa Novemba.

Kwako dada yangu Gaudensia,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Alfred na watoto, na kwamba goti lako limepoa sasa kwa kuwa umeacha ubishi wako wa kubeba ndoo mbili kwa mpigo. Ukitaka kujua hali zetu, mimi mwili wangu hauna neno. Mwanangu Teddy yuko bwenini na mitihani inamkaribia. Mume wangu Agapiti anaendelea vizuri kuliko wengi walivyotegemea, na hilo nalisema kwa kumshukuru Mungu.

Najua umenuna. Jirani yetu Yunusi aliporudi kutoka mnadani huko kwenu Ruangwa alinifikishia maneno yako yote bila kupunguza, unamjua alivyo. Kwamba Jumamosi unakuja, nipende nisipende, na kama nimekuchoka nikwambie usoni. Una haki ya kusema hivyo. Tangu tulipomtoa Agapiti hospitali nimekuwa nikikuzuia kwa visingizio. Mara tunaumwa macho mekundu, mara daraja limezolewa na maji, na hilo la daraja nililisema mwezi wa tisa, wakati hata mbuzi wanajua hakuna mvua. Sijakuchoka, dada. Nimekukumbuka mpaka naona aibu. Lakini usije kabla hujaisoma barua hii hadi mwisho. Ningekupigia, ila nyumba yetu unaijua, ukipiga chafya chumbani mtu wa barazani anakuombea afya. Haya mambo sitaki Agapiti ayasikie.

Nianze na mazuri. Ulipomwona wewe, amelala pale hospitali ya misheni, kichwa kimefungwa, hamjui aliyekuja wala aliyeondoka, tulikuwa tunanong'ona habari za jeneza. Leo anatembea. Mguu wa kulia anauburuta kidogo, na mkono wa upande huo bado mzito, lakini kijiko anakishika. Mtaalamu wa mazoezi alisema tumpe kazi ya vidole, basi nikamletea korosho. Kila asubuhi namwagia korosho kwenye ungo, anachambua, nzuri huku, mbovu kule. Mwanzoni alikuwa anazitupa chini zote kwa hasira. Siku hizi akishika korosho tu anajua ina nini ndani, hata kuitazama haitazami. Ile pikipiki iliyomwangusha mwaka jana, akitoka shamba wakati wa kupulizia mikorosho, haikumbuki kabisa. Shamba lenyewe analikumbuka mti kwa mti.

Yunusi ndiye anayemwogesha. Kila asubuhi akitoka msikitini anapita hapa, na kwa kuwa ni mtani wetu, hodi yake ni matusi. Anauliza kama maiti imeamka, maana amechoka kuja kuosha mtu ambaye mazishi yake yanaahirishwa kila siku. Agapiti anamjibu kwamba hafi mbele ya watu wenye njaa ya pilau za msibani. Nawasikia wakicheka kule bafuni na maji yakimwagika, nami niko jikoni nakoleza moto. Dada, hicho ndicho kicheko pekee ndani ya nyumba hii, na hakinihusu.

Watu walikuja sana mwanzoni. Jumuiya walileta unga, kuku, sabuni, wakasali rozari. Kisha wakapungua, siwalaumu, kila mtu ana shamba lake. Teddy akarudi shule. Tukabaki wawili, na sikujua kwamba wawili wanaweza kuwa wachache namna hii.

Sasa nikueleze jambo lililotokea Jumapili iliyopita. Mjomba Bernardo alikuja kutoka Malolo, yeye na wazee wawili wa ukoo wao. Unamfahamu, yule aliyesimama upande wa mume siku ya harusi yangu na kukataa soda ya njano. Walinikuta nimetoka misa. Niliwapokea, nikawawekea viti barazani alipokuwa amekaa Agapiti, nikachinja jogoo. Walikula kimya, na nilipoona wanakula kimya nikajua hawakuja kusalimia.

Mjomba alisema amesikia maneno. Kwamba Agapiti ana mke, lakini anaogeshwa na jirani. Kwamba mke analala chumba cha mtoto. Kwamba akimpelekea chakula anakiweka mezani na kuondoka, kama anayemlisha kibarua. Akasema mwanamke asiyeweza kumgusa mumewe akiwa mgonjwa ameshamaliza ndoa kwa vitendo, kilichobaki ni kusema tu. Kwetu mtu ni wa upande wa mama yake, akaendelea, na akiharibikiwa mjomba ndiye anayeulizwa. Kwa hiyo amekuja kumchukua mtoto wao, Agapiti. Gari lilikuwa limeegeshwa barabarani. Walikuwa wameleta mpaka godoro, dada. Wamelifunga kamba juu ya keria.

Nilitazama chini. Yote aliyosema yalikuwa kweli. Sijamwogesha mume wangu hata mara moja tangu arudi nyumbani. Nalala kitanda cha Teddy, miguu inaning'inia. Chakula namwekea na kuondoka. Kwa nini, ningeweza kuwaambia, lakini ningewaambia mbele yake, na daktari alinikataza. Nikawaza kwamba nikifungua mdomo nitamvuruga, na nisipoufungua wataondoka naye. Nikasikia Yunusi, aliyekuwa amekaa kwenye kinu kama mtu asiyehusika, anakohoa.

Aliyesema ni Agapiti. Siku hizi anaongea polepole, anakwenda nalo neno mpaka alifikishe. Alimwambia mjomba asimvunjie heshima shemeji yake. Alisema huyu si mke wake, huyu ni Gaudensia, dada mkubwa wa mke wake, ameacha nyumba yake Ruangwa kuja kumuuguza, na mtu mwenye akili timamu hawezi kumtaka shemeji mkubwa amwogeshe au alale naye chumba kimoja. Mke wake Serafina yuko Ruangwa, amekwenda kumshikia dada yake nyumba. Akasema yeye haendi Malolo, maana Serafina akirudi akute nyumba tupu atafikiri amekufa.

Ndiyo hivyo, dada. Mume wangu anadhani mimi ni wewe.

Haikuanza barazani. Ilianza siku ile ile tuliyomleta. Nilimvua shati nimpanguse jasho, akashtuka, akajifunika kwa mikono miwili kama msichana, akaniomba radhi. Akaniita shemeji. Nikacheka, nikidhani ni utani umerudi, nikamwambia mimi ni Serafina. Alinitazama usoni kwa muda mrefu kisha akaanza kutetemeka, akasema sauti ni ya Serafina, uso ni wa Serafina, ila mimi siye, na kwa nini ninamfanyia hivyo mtu mgonjwa. Alilia mpaka akapatwa na degedege. Tulirudi hospitali. Daktari akanieleza kwamba hutokea hivyo kichwa kikiumia. Mtu huona sura ya wake aliyemzoea, lakini ile hali ya kumjua moyoni haiji, basi akili inatafuta maelezo yake. Alisema nisibishane naye, nisimlazimishe. Huenda ikarudi yenyewe. Huenda isirudi.

Nawe tunafanana, hilo halina ubishi. Kwa hiyo akili yake ikanipa wewe. Na unajua dada mkubwa wa mke anavyoheshimiwa kwetu, ni mkwe kamili. Hawezi kula nikimtazama, hawezi kuvua shati nikiwepo, nikipita anakusanya miguu. Yule Agapiti aliyekuwa ananipiga kiuno kwa kanga nikisonga ugali, sasa ananiamkia shikamoo! Teddy alipokuja likizo nilidhani yeye ndiye atakayemzindua, maana ananiita mama. Haikumshangaza hata kidogo. Mama mkubwa naye si mama?

Nje ya nyumba hii Yunusi peke yake ndiye aliyejua, kwa kuwa nilihitaji mtu wa kumwogesha. Wewe nilikuficha. Nilikuwa najiambia wiki ijayo atazinduka, nimsumbue dada ya nini.

Nilijaribu ujanja mmoja tu. Unakumbuka anavyonicheka kwa mkono wangu wa chumvi. Tangu arudi nilikuwa napika kwa kujizuia, naye anasifu, anasema shemeji unajua kupika, mdogo wako angejifunza kwako. Siku moja nikapika kisamvu, nikatia chumvi kama zamani, yaani kama mwehu. Nikasimama nyuma ya mlango. Alitia tonge mdomoni, akaacha kutafuna. Akaniita. Nilipotoka nilimkuta machozi yanamtoka, akasema leo shemeji umepika kama Serafina. Kisha akauliza atarudi lini. Akala chote, akakomba na bakuli.

Tangu siku hiyo ananizungumzia habari za mke wake. Anachambua korosho zake, mimi nimekaa mbali kidogo kwa heshima, anaongea. Kwamba mke wake akiimba kwaya anapotea sauti ya pili lakini hanyamazi, na yeye humpenda kwa huko kutonyamaza. Kwamba mwaka ule korosho zetu zilipokataliwa ghalani kwa unyevu, mke wake hakumlaumu, alizianua tu na kuzianika upya, na yeye hakuwahi kumwambia asante. Miaka yote ya ndoa yangu sijasikia maneno hayo. Nayasikia sasa, nikiwa mgeni, na sina ruhusa ya kujibu. Wakati mwingine namwonea wivu huyo mwanamke wa Ruangwa. Napata hasira kwamba anapendwa hivyo na haji.

Nirudi barazani siku ile, Agapiti alipomaliza kusema. Mjomba Bernardo alinitazama, akamtazama mpwa wake, akanitazama tena. Nadhani alikuwa anasubiri nimkanushe. Nikasema tu kwamba mjomba amesikia mwenyewe. Yule mzee aliinuka, akavua kofia, akanipa mkono kwa mikono yake miwili. Akamwambia Agapiti ni vizuri amsubiri mke wake, na amshukuru shemeji. Wakaondoka. Godoro walituachia, nimelitandika chumba cha Teddy.

Kwa hiyo amebaki. Nimeshinda, kama huko ndiko kushinda.

Sasa ndipo unapoingia wewe. Agapiti anamsubiri mtu atakayetoka Ruangwa. Kila gari likisimama njia panda anainua kichwa. Na Jumamosi atakayeshuka kutoka Ruangwa, mwenye uso kama wangu, ni wewe. Daktari nilimfuata hospitali kumuuliza kama nikuzuie tena. Akasema hajui, huenda asikujali, huenda akavurugika kichwa, huenda akaona wawili na kitu kikarudi mahali pake. Mimi nimewaza siku tatu mfululizo nikifua nguo zile zile.

Njoo, dada. Nimechoka kukaa peke yangu na mtu. Ila nakuomba uje ukijua. Akikuona akasema wewe ni Gaudensia, basi mimi nitakuwa nimebaki bila jina, naye atanitazama aniulize mimi ni nani, na hapo hapo labda atanijua. Hilo naliombea kwa nguvu zangu zote. Lakini huenda akasimama, na huo mguu wake, akakunyooshea mikono na kukuita Serafina.

Akikuita kwa jina langu, itika. Usimrekebishe, utamuua. Kaa naye, mshike mkono wa kulia, ndio unaohitaji kushikwa. Kuna neno amemwekea mke wake. Nimemuuliza mara nyingi ni neno gani, anakataa, anasema hilo si la kumwambia shemeji. Mwache akwambie wewe. Nitakuwa jikoni. Likishatoka, njoo huku nyuma uniambie taratibu, kama alivyolisema yeye, usiache hata kidogo, kwa sababu ni langu.

Unisalimie shemeji Alfred na watoto wote, mwambie yule mdogo mama yake mdogo amemwekea kashata. Barua hii anaileta Yunusi mwenyewe, mpe chai, na matusi yake yasikuudhi. Bwana awe nawe njiani.

Ni mimi mdogo wako niliyekufuata mgongoni,
Serafina.